Nani Ameshika Nywila ya Duka?

Ukipita Mtaa wa Narung'ombe au wa Mchikichi, Kariakoo jijini Dar es Salaam, asubuhi, saa ambayo mikokoteni inagombea njia na bodaboda na mawinga wameshaanza kuita wateja, huoni kitu kinachoitwa kanzidata. Unaona kaunta, kikokotoo, mashine ya EFD, na pembeni laptopu iliyojaa vumbi kwenye vitufe. Daftari la duka limehamia humo: bei ya kununulia na ya kuuzia, katoni zilizobaki stoo, mteja wa Lubumbashi aliyechukua mali kauli na tarehe aliyoahidi kulipa. Wenye maduka hawasemi kanzidata. Wanasema mfumo, na siku mfumo ukigoma, simu ya kwanza inapigwa kwa fundi.

Fundi huyo, mara nyingi kijana aliyetoka chuo au aliyejifunzia kazi kazini, ndiye aliyeuweka mfumo, na ndiye aliyeandika faili dogo la amri linalochukua bakapu kila usiku. Mafundi huliita skripti. Halizidi mistari michache, na mwenye duka hajawahi kuwa na sababu ya kulifungua. Angelifungua, angekuta mstari wa namna hii:

mysqldump -u root -pkariakoo2024 duka > D:\bakapu\duka.sql

Kuusoma si kazi. Neno la kwanza ni programu inayotoa nakala ya kanzidata. Root ni jina la mtumiaji mkuu, mwenye ruhusa ya kusoma, kubadili na kufuta kila kitu. Herufi p hutangulia nywila, ile ambayo watu wa kaunta huiita paswedi, na hapa nywila ni kariakoo2024, imeandikwa wazi bila kufunikwa. Duka ni jina la kanzidata yenyewe. Kilichobaki ni mahali nakala itakapowekwa. Mfano huu ni wa kutunga, lakini hakuna fundi wa mifumo atakayesema hajawahi kukutana na ndugu yake.

Hatari yake si ya kufikirika. Aliyenakili faili hilo kwenye flashi, kwa nia njema au mbaya, ameondoka na ruhusa ya kufuta deni la mteja, kushusha bei, au kuangusha kanzidata nzima kwa amri moja. Na kwa kuwa ameingia kwa jina la root, jina ambalo kila mtu dukani analitumia, kumbukumbu za seva hazitasema ni nani.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini fundi hakutumia tu programu yenye vitufe vya kubonyeza. Jibu ni kwamba saa nane usiku hakuna mtu wa kubonyeza. Bakapu nzuri huchukuliwa duka likiwa limefungwa, wakati hakuna mauzo yanayoingia, na kazi hiyo hupangwa kwenye Windows kupitia Task Scheduler au kwenye Linux kupitia cron. Mwenye matawi Mwanza na Tunduma hawezi pia kuajiri mtu wa kukaa mbele ya kila kioo. Amri zilizoandikwa mara moja na kurudiwa na mashine ndizo zinazoendesha seva za benki, za kampuni za simu na za duka la vipodozi vilevile. Tatizo linaanzia hapo: seva ya kanzidata humwuliza kila anayebisha hodi jina na nywila, na mashine haina kichwa cha kukumbuka. Lazima nywila ilale mahali fulani. Uamuzi wa wapi ilale, na ifungue nini, ndiyo kazi nzima.

Wengi huukwepa uamuzi huo kwa kutoweka nywila kabisa. Mifumo mingi midogo husimikwa kwa kifurushi cha XAMPP, ambacho ni cha bure na huleta kwa mkupuo mmoja seva ya wavuti, lugha ya PHP na kanzidata. Tangu mwaka 2015 kanzidata iliyomo ni MariaDB, iliyozaliwa kutokana na kanzidata ya MySQL. Kifurushi hiki kikishamaliza kujisimika, mtumiaji root hana nywila. Watengenezaji wake hawakuficha jambo hilo; wanasema wazi kwamba XAMPP ni ya mtu anayejifunza au anayejaribu programu kwenye mashine yake, si ya kuendeshea biashara.

Kwa haki ni lazima kusema kwamba root huyo asiye na nywila mwanzoni anakubaliwa tu akitokea kwenye kompyuta ileile. Mlango hufunguka pale duka linapokua. Bosi anataka mashine ya pili stoo isome kanzidata ya mashine ya kaunta, fundi anajaribu, seva inakataa. Kuna njia ndefu ya kumtengenezea mtumiaji wa stoo ruhusa zake, na kuna njia fupi ya kumruhusu root aingie kutoka kompyuta yoyote. Wateja wamejaa kaunta, bosi ananung'unika. Njia fupi hushinda.

Ulimwengu ulipewa somo kuhusu njia fupi mwanzoni mwa mwaka 2017. Januari ya mwaka huo maelfu kwa maelfu ya kanzidata za MongoDB, zilizokuwa zimeachwa kwenye intaneti bila nywila, zilifutwa na mahali pake pakaachwa ujumbe wa kudai bitcoin. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya seva za MySQL: wavamizi walikuwa wakibahatisha nywila za root kwa kutumia programu, na wakifanikiwa walifuta data na kuacha jedwali lenye maneno ya onyo na anwani ya kulipia. Hakuna aliyekaa akachagua duka gani la nani avamie. Programu zilikuwa zinapita anwani moja baada ya nyingine zikijaribu milango, na biashara ndogo haikuwa na kinga ya kuwa ndogo.

Nywila za kompyuta zina historia fupi, na aibu yake ilianza mapema. Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT nchini Marekani walizitumia mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwenye mfumo wa CTSS, ulioruhusu watu wengi kugawana kompyuta moja, kila mtu na mafaili yake. Mwaka 1962 mtafiti kijana, Allan Scherr, alitaka muda zaidi wa kutumia mashine kuliko aliogawiwa. Akaomba faili la nywila lichapishwe, likachapishwa, na akajipatia muda wa wenzake. Hakuvunja kitu. Nywila zilikuwa zimekaa wazi ndani ya faili, na mashine ilitii iliyoagizwa. Alikuja kusimulia kisa hicho mwenyewe miaka mingi baadaye. Zaidi ya nusu karne imepita na faili la nywila zilizo wazi bado ndilo chanzo cha uvamizi mwingi, tofauti ikiwa tu kwamba sasa liko ndani ya skripti.

Kisa kilicho karibu zaidi na huu wetu kilitokea Septemba 2022 kwa kampuni ya Uber, ambayo watu wa Dar es Salaam wameijua tangu 2016. Kwa maelezo aliyoyatoa mvamizi mwenyewe, baada ya kumhadaa mfanyakazi mmoja na kupata upenyo kwenye mtandao wa ndani, alikuta kwenye folda ya pamoja skripti za PowerShell, lugha ya amri ya Windows, na ndani ya mojawapo kulikuwa na jina na nywila ya msimamizi wa mfumo uliokuwa ukitunza siri nyingine zote za kampuni. Kampuni yenye mabilioni ya dola ilikuwa imenunua ghala la kisasa la nywila, halafu mtu akaandika nywila ya ghala lenyewe kwenye faili la maandishi. Fundi wa Kariakoo asijione peke yake.

Njia za kuvuja ni nyingi kuliko faili lenyewe. Nywila iliyoandikwa ndani ya amri huonekana kwa muda kwenye orodha ya programu zinazoendeshwa: kwenye Linux amri ya ps huionyesha, na kwenye Windows Task Manager ina safu ya kuonyesha amri nzima. Watengenezaji wa MySQL walijaribu kupunguza hilo kwa kuifanya programu ifunike nywila mara inapoanza, lakini wao wenyewe wanakiri kuwa kuna kitambo kidogo inabaki wazi, na ndiyo sababu ukiiandika hivyo programu hukuonya kuwa huenda si salama. Onyo hilo linatokea kila usiku saa nane, na hakuna mtu wa kulisoma. Kisha kuna historia ya amri. Kwenye Linux kila unachoandika kwa mkono hubaki kwenye faili liitwalo .bash_history, PowerShell nayo hutunza historia yake, ingawa matoleo mapya huacha kuandika mistari inayoonekana kuwa na nywila. Na kuna WhatsApp. Fundi aliyekuwa safarini akamtumia mwenzake skripti "uweke haraka haraka" ameipeleka nywila kwenye simu mbili na pengine kwenye bakapu za simu zote mbili.

Dawa ya kwanza ni kutenganisha amri na siri. Skripti ibaki na amri tu. Nywila ihamie kwenye faili lake, na faili hilo lifunguliwe na akaunti moja pekee ya kompyuta. Kwenye Linux amri ya chmod 600 inatosha: mwenye faili anasoma na kuandika, wengine hawaoni kitu. PostgreSQL, kanzidata nyingine ya bure inayotumika sana, inalichukulia jambo hili kwa ukali wa kupendeza. Faili lake la nywila, .pgpass, likiwa na ruhusa zilizolegea kwenye Linux, programu hulipuuza kabisa kana kwamba halipo. Kwenye Windows kazi hiyo hufanywa na icacls, na mstari wetu wa mwanzo hugeuka kuwa hivi:

mysqldump --defaults-extra-file=C:\siri\bakapu.cnf duka > D:\bakapu\duka.sql

Sasa skripti inaweza kunakiliwa, kutumwa, hata kubandikwa ukutani, na haimpi mtu kitu.

MySQL ilikwenda mbele zaidi katika toleo la 5.6 kwa kuleta programu ya mysql_config_editor, ambayo huuliza nywila mara moja na kuihifadhi kwenye faili lisilosomeka kwa macho. Waliounda MariaDB wakaikataa. Hoja yao ni kwamba faili hilo limefunikwa tu, halijafungwa, na mtu anayejua namna ya kulifunua atalifunua. Kwa hiyo humpa mwenye seva usalama wa kujidanganya. Ni mabishano ya mafundi, lakini yana maana kwa duka lenye XAMPP: maelekezo ya MySQL yanayosambaa mtandaoni hayatafanya kazi hapo, na fundi akishindwa nayo mara mbili hurudia nywila yake ya wazi. Kuhusu faili lile MariaDB wana hoja. Lakini kufunika nako kuna faida yake, walau kwa bosi anayechungulia kioo begani mwa fundi.

Kwenye Windows PowerShell ina njia ya tatu, nayo ndiyo bora kwa laptopu ya kaunta. Amri ya Get-Credential hufungua kidirisha cha kuandika jina na nywila, na Export-Clixml huvihifadhi kwenye faili vikiwa vimefungwa kwa ufunguo wa Windows yenyewe. Faili hilo hufunguliwa na akaunti ileile, kwenye kompyuta ileile tu. Ukilinakili kwenye flashi na kulipeleka mtaa wa pili, halifunguki. Ila tahadhari moja husahaulika: amri hizohizo zikitumika kwenye Linux hazina ufunguo huo wa Windows, na faili halilindwi kwa namna ile.

Dawa ya pili haina uhusiano na kuficha. Ni kupunguza kile ambacho nywila inafungua. Kazi ya bakapu haihitaji root. Inahitaji mtumiaji wake, tumwite bakapu, mwenye ruhusa ya kusoma majedwali na kuyafunga kwa muda yasibadilike wakati wa kunakili, basi. Hawezi kufuta deni. Mtumiaji wa kaunta aongeze mauzo lakini asiweze kufuta mauzo ya jana. Wa stoo abadili idadi ya katoni na asione bei ya kununulia. Mwenye fremu hampi kijana wa kufungua duka asubuhi shada zima la funguo pamoja na ya kasha la fedha, na kwenye kanzidata hakuna sababu ya kufanya tofauti. Amri za GRANT zinazogawa ruhusa hizi huandikwa siku moja na kutunzwa kwenye skripti, ili siku tawi jipya likifunguliwa zirudiwe bila kubahatisha.

Faida nyingine ya kila mmoja kuwa na jina lake ni kwamba kumbukumbu zinaanza kusema. Wafanyabiashara wa Kariakoo waligoma Mei 2023 kwa malalamiko yaliyohusu kodi, risiti na usajili wa stoo, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akakutana nao Mnazi Mmoja. Mahali ambapo hesabu za mzigo ni jambo zito namna hiyo, kuweza kuonyesha nani alibadili rekodi na lini si anasa.

Kisha inafika siku ya fundi kuondoka. Amepata kazi kampuni ya simu, au wamegombana na bosi kuhusu malipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamkataza mtu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, lakini seva haijui kuwa idhini imekwisha. Inajua nywila tu. Siku hiyo ndiyo skripti inayobadili nywila huonyesha thamani yake. Ikiandikwa vizuri hupita kila tawi, hutengeneza nywila mpya isiyokisika (kwa mfano kwa openssl rand -base64 24), huiweka kwenye seva, huiandika kwenye faili la siri, hujaribu kuingia nayo, na hutoa taarifa ya tawi lililofanikiwa na lililoshindwa. Hatua ya kujaribu ndiyo watu huiruka. Umeme ukikatika Tunduma katikati ya kazi, seva ina nywila mpya na kaunta ina ya zamani, na asubuhi hakuna anayeuza.

MySQL iliona tatizo hilo, na katika toleo la 8.0.14, la mwaka 2019, ikaruhusu mtumiaji mmoja kuwa na nywila mbili kwa wakati mmoja. Unaweka mpya kwa maneno RETAIN CURRENT PASSWORD, ya zamani inaendelea kufanya kazi, unabadilisha kaunta moja moja kwa nafasi yako, na zikiisha zote unaifuta ya zamani kwa DISCARD OLD PASSWORD. MariaDB ya XAMPP haina kipengele hicho. Huko fundi hutengeneza mtumiaji wa pili mwenye ruhusa zilezile, huhamishia kaunta kwake, halafu humfuta wa kwanza.

Kuhusu kubadili nywila za watu kila mwezi, ushauri umegeuka. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha mwaka 2017 kushauri nywila za watu zibadilishwe kwa kalenda, kwa kuwa watu huishia kuongeza tarakimu mwishoni: kariakoo2024 inakuwa kariakoo2025. Nywila za mashine ni habari nyingine, maana mashine haichoki kukumbuka herufi thelathini na mbili.

Hakuna lolote kati ya haya linalomzuia mtu aliyeishika laptopu yenyewe mkononi. Seva ya MySQL au MariaDB inaweza kuwashwa kwa chaguo la --skip-grant-tables, ikaacha kuuliza nywila yoyote. Njia hiyo iliwekwa kwa ajili ya wanaosahau, na mwizi anaijua pia. Ndiyo sababu diski ifungwe kwa BitLocker au mfano wake. Na hatari ya kinyume ipo pia: mwenye duka mwenyewe kupoteza data na nywila. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua. Bakapu iliyokaa kwenye duka lilelile, na nywila iliyokaa kwenye kichwa cha fundi mmoja, zote hupona kwa bahati tu. Nakala iwe nje ya jengo, na nywila ya root iwe kwenye bahasha iliyofungwa, nyumbani kwa bosi au kwa mtu wa familia anayeaminika.

Tangu tarehe 1 Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Orodha ya wadaiwa yenye majina na namba za simu ni taarifa za watu. Na hapa ndipo mstari ule wa mwanzo una kasoro ambayo kuficha nywila hakujaigusa. Faili la duka.sql ni maandishi matupu. Halina nywila. Aliyelipata hulifungua kwa Notepad na kusoma kila deni.

Kulifunga kwa nywila nyingine kungeturudisha mwanzo, maana skripti ingehitaji kuijua. Programu ya bure ya GnuPG ina njia ya kutoka: hutengeneza funguo mbili, mmoja wa kufungia na mwingine wa kufungulia. Wa kufungia unakaa dukani, na hata akiuchukua mtu haumsaidii kusoma kitu. Wa kufungulia unakaa kwenye flashi mbili, nje ya Kariakoo, na mwenye duka anapaswa kujaribu kurudisha bakapu kwa kuutumia angalau mara moja kabla hajauhitaji, kwa sababu ukipotea, bakapu zote zilizofungwa nao zimepotea pamoja nao.